Mataji Manane ya Ivan Lendl

Kuna wanaume wanne ambao kila mmoja alitwaa taji moja tu la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, katika mechi za mchezaji mmoja mmoja, na habari za wote wanne huwezi kuzisimulia bila kumtaja Ivan Lendl. Yannick Noah alimtoa kwenye robo fainali mjini Paris mwaka 1983, akaendelea mpaka kombe. Pat Cash alimshinda kwenye fainali ya Wimbledon mwaka 1987. Michael Chang alimtoa Paris mwaka 1989 akiwa na miaka 17. Andrés Gómez wa Ecuador alibeba kombe la Paris mwaka 1990, mwaka ambao Lendl, aliyekuwa ameshamwondoa hapo mara kadhaa, hakwenda kabisa. Ukiwajumlisha wote wanne, wana mataji manne. Lendl peke yake ana manane.

Sasa mwulize Mfaransa aliyekuwa mtu mzima mwaka 1983 akueleze habari za Noah. Hatakutajia idadi. Atakusimulia jinsi Zacharie Noah, baba mtu, Mkameruni, alivyoruka kutoka jukwaani akaingia kwenye udongo mwekundu kumkumbatia mwanawe. Atakwambia kwamba Ufaransa ilikuwa imekaa miaka 37 bila bingwa wake mwanamume katika mashindano yake yenyewe, na kwamba kijana huyo aligunduliwa Yaoundé na Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyepita huko mwaka 1971. Mwulize Mwaustralia kuhusu Cash, atakuonyesha kwa mikono jinsi alivyopanda katikati ya watazamaji, safu baada ya safu, mpaka akawafikia jamaa zake na kocha wake. Kabla yake hakuna bingwa wa Wimbledon aliyefanya hivyo; leo wanaofanya hawahesabiki. Kisha uliza kuhusu Lendl. Utapewa namba.

Namba zenyewe si za mchezo. Mataji 94 kwa jumla, ya mashindano makubwa na madogo. Mechi 1,068 alizoshinda. Wiki 270 akiwa namba moja duniani. Fainali 19 za Grand Slam, nane kati ya hizo zikiwa za Marekani mfululizo, kuanzia 1982 hadi 1989. Ukimpa mtu karatasi hiyo bila jina na kumwuliza mwenye rekodi hii anapendwa kiasi gani, atadhani kuna mitaa imepewa jina lake katika kila mji wenye uwanja wa tenisi.

Nawaandikia hasa wazazi na makocha wanaokaa pembeni ya uwanja wakihesabu. Kuhesabu si kosa. Mchezo usiohesabiwa haujui nani kashinda. Lakini kisa cha Lendl kina onyo ndani yake, na wengi hulisoma kombo: wengine husema alikuwa mtu baridi, basi akavuna alichopanda; wengine husema watazamaji ni watu wa chuki, bingwa hawajibiki nao. Ukweli uko penye maumivu zaidi ya hapo.

Alizaliwa Ostrava, Chekoslovakia, mwaka 1960, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Baba na mama wote walicheza tenisi, na mama yake, Olga, alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa kike nchini. Imesimuliwa mara nyingi kwamba mama huyo alipokuwa mazoezini alimfunga mtoto kwa kamba kwenye nguzo ya wavu ili asitangetange. Tusimhukumu mama wa watu kwa kamba moja. Kila mzazi mwenye kazi na mtoto mdogo amewahi kubuni namna ya kumtuliza. Ila ni vigumu kuisikia habari hiyo bila kuwaza kwamba kwa mtoto yule, uwanja ulikuwa mahali pa kubaki hata usipotaka.

Alipoingia kwenye tenisi ya kulipwa, alipoteza fainali zake nne za kwanza za Grand Slam: moja kwa Björn Borg, mbili kwa Jimmy Connors, moja kwa Mats Wilander. Watu wakasema ni mwoga wa mechi kubwa. Jibu lake halikuwa maneno. Akamwendea mtaalamu wa lishe, Robert Haas, akabadilisha chakula chake chote. Akakimbia, akaendesha baiskeli, akajijenga mwili wakati ambapo wachezaji wengi walidhani tenisi yenyewe ni mazoezi tosha. Baadaye aliwaajiri mafundi walewale waliotandika viwanja vya mashindano ya Marekani waje wamtandikie uwanja wa aina hiyohiyo nyumbani kwake Greenwich, Connecticut, ili mguu wake usikute jambo geni siku ya fainali. Kila unachokiona leo kwa wachezaji wakubwa, timu ya wataalamu, mizani ya chakula, ratiba ya usingizi, Lendl ndiye aliyeonyesha kwamba kinalipa. Hilo ni deni ambalo tenisi haijamlipa, na nalisema kwa uchungu.

Lakini kadiri alivyoziba nyufa za mchezo wake, aliziba pia kila mlango ambao mtazamaji angeweza kupita. Uso hausemi. Hatua zilezile, na unga wa mbao kutoka mfukoni ili mkono usiteleze. Mpinzani akija wavuni, mpira unapigwa kumwelekea kifuani. Ni halali kabisa. Ni hesabu sahihi pia, kwa sababu mtu aliye wavuni hana muda wa kuondoa mwili wake. Na kila mara alipofanya hivyo alipata pointi, huku jukwaa zima likihamia upande wa pili.

Tazama fainali ya Paris ya mwaka 1984. John McEnroe yuko katika msimu bora wa maisha yake. Mwaka mzima huo alishindwa mechi tatu tu. Anaongoza seti mbili kwa bila, anacheza tenisi ya kukufanya usahau kupumua. Kisha anakasirishwa na kelele zinazotoka kwenye vifaa vya masikioni vya mpiga picha wa televisheni, anavifokea, joto la mchana linamwelemea, na Lendl anaanza kurudi taratibu, pointi kwa pointi, mpaka anashinda seti tatu mfululizo. Ndilo taji lake la kwanza la Grand Slam, na limepatikana kwa ushujaa usio na shaka. Ila ukiwasikiliza wanaoisimulia mechi hiyo, wanasimulia jinsi McEnroe alivyoipoteza. Hata siku kubwa kuliko zote kwa Lendl iliandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1986, alishinda mashindano ya Marekani kwa mara ya pili mfululizo. Katika fainali alimfunga Miloslav Mečíř, Mchekoslovakia mwenzake, bila kupoteza hata seti moja. Jarida la Sports Illustrated likaweka picha yake kwenye jalada na kumtangaza kuwa bingwa ambaye hakuna anayemjali. Fikiria mtu amefika kileleni kwa jasho lake, halafu gazeti la nchi anayoishi linamwambia hivyo hadharani. Ilikuwa ni ukatili. Ilikuwa pia enzi ya vita baridi, na kijana kutoka Ulaya Mashariki, anayeongea Kiingereza cha kujifunza ukubwani, aliitwa roboti kwa wepesi ambao Mmarekani au Mwingereza mkimya asingeitwa. Connors na McEnroe waliwatukana waamuzi na wakaitwa wenye hisia kali. Lendl alinyamaza akaitwa mashine. Wazazi wasidanganyike kwamba upendo wa watazamaji hugawiwa kwa haki.

Pamoja na yote hayo, siwezi kumtoa Lendl kabisa kwenye lawama, na sababu ni mechi ya tarehe 5 Juni 1989.

Raundi ya nne, Paris. Lendl ni namba moja duniani na ameshatwaa kombe hilo mara tatu. Chang ni Mmarekani mwembamba, mtoto wa familia ya Kichina. Jana yake tu dunia imepata habari za mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen, China, na baadaye kijana huyo alieleza kwamba aliingia uwanjani akiwa na watu hao moyoni. Lendl anachukua seti mbili za kwanza, 6-4, 6-4. Chang anachukua mbili zinazofuata, 6-3, 6-3, lakini misuli ya miguu imeanza kumkaza. Wakati wa kubadilishana upande hathubutu kukaa, maana akikaa hatainuka. Anasimama, anakunywa maji, anakula ndizi. Mipira anaipiga juu sana, ili apate muda wa kuvuta pumzi. Katika seti ya tano, akiongoza 2-1, anaanza kutembea kumwendea mwamuzi aseme basi, imetosha. Njiani anageuka, anarudi.

Akiwa mbele 4-3 katika seti hiyo, na katika gemu yake ya kuanzisha akiwa nyuma 15-30, Chang anaushika mpira, anauangusha, na kuupiga kwa mkono wa chini. Mbinu hiyo ilikuwa nadra sana katika mechi za kiwango hicho. Mpira unadondoka mfupi. Lendl anakimbilia mbele, anaurudisha, anajikuta wavuni bila mpango, na jibu la Chang linagusa ukingo wa wavu na kumpita. Uwanja mzima unalipuka. Dakika chache baadaye Lendl anaanzisha akiwa nyuma 15-40, mpira wa kwanza umetoka. Chang anasogea mbele mpaka karibu kabisa na mstari wa kuanzishia, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu angesimama kupokea mpira wa Lendl. Lendl anaukosea mpira wa pili. Chang anaanguka magotini akilia. Wiki hiyohiyo alikwenda kumfunga Stefan Edberg kwenye fainali, na mpaka leo ndiye mwanamume mdogo kuliko wote aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam.

Lendl angeweza kufanya nini? Mpinzani hatembei. Angeweza kupiga mipira mifupi, kuja mbele, kujaribu jambo jipya, kuchafuka. Badala yake aliendelea kuamini kwamba wastani utamwokoa, kwa sababu ulikuwa umemwokoa mara zote. Alikuwa amefunzwa, na amejifunza mwenyewe, kucheza mpira wenye uwezekano mkubwa wa kushinda, mechi baada ya mechi, mwaka baada ya mwaka. Namba 94 inatoka huko. Ila mbele yake alisimama mtu aliyekwisha kuacha kulinda kitu chochote, na mtu wa namna hiyo hayumo kwenye wastani. Hapo ndipo naona onyo kwa kocha. Mtoto unayemfundisha kutoaibika kamwe atashinda mechi nyingi sana za watu wenye afya. Siku atakapohitaji kuaibika ili ashinde, hatajua pa kuanzia.

Kisha likaja jambo ambalo wenye hesabu hulitaja kama kosa lake kubwa, nami nalipenda kuliko yote aliyofanya. Lendl alikuwa hajawahi kushinda Wimbledon. Nyasi hazikumpenda, mpira unateleza, unakuja chini, na mchezo wake ulitaka mpira unaodunda. Alifika fainali mwaka 1986 na 1987, zote akashindwa. Januari 1990 alishinda Australia, taji lake la nane. Mwaka huo akaamua kutokwenda Paris, mahali alipokuwa na nafasi nzuri kuliko popote, ili afanye mazoezi ya nyasi na kocha wake, Tony Roche. Alitwaa kombe la Queen's huko London, watu wakasema mwaka huu ndio. Nusu fainali ya Wimbledon Edberg akamtoa kwa seti tatu bila jibu. Paris, Gómez mwenye miaka 30 alimfunga Andre Agassi na kubeba kombe. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Lendl aliachia aliyokuwa nayo kwa hiari, na ya pili hakuipata. Hakushinda tena Grand Slam mpaka mgongo ulipomstaafisha mwaka 1994.

Kwa hesabu, alitupa nafasi ya taji la tisa. Lakini kwa mara ya kwanza dunia ilimwona akitaka kitu mpaka kinamuumiza, kitu ambacho hakuhitaji kwa ajili ya orodha. Laiti ungemwona akitaka hivyo mapema, akiwa na miaka 24.

Maana orodha yenyewe haina huruma kwa mtu. Roy Emerson wa Australia alikuwa na mataji 12, rekodi ya wanaume kwa zaidi ya miaka thelathini, na mengi aliyatwaa wakati wachezaji wa kulipwa, Rod Laver akiwamo kwa miaka mitano, wamefungiwa mlango. Pete Sampras alimpita mwaka 2000, akafikisha 14 mwaka 2002, akaondoka na kombe mkononi asicheze tena. Ilidhaniwa rekodi hiyo itaishi vizazi. Iliishi miaka saba. Roger Federer aliivunja Wimbledon mwaka 2009, Sampras mwenyewe akiwa jukwaani. Federer akaishia 20, Rafael Nadal 22, Novak Djokovic 24. Borg, kwa upande wake, alicheza mashindano ya Australia mara moja tu maishani, kwa sababu zama zake hakuna aliyejua kwamba siku moja watu watakuja kuhesabu mataji ya nchi nne kana kwamba ni noti za benki. Alikuwa akicheza tenisi, hakujua kwamba anacheza dhidi ya watu ambao hawajazaliwa.

Namba hizo zikiachiwa zitawale, zinaweza kumgeuza bingwa kuwa mdaiwa. Ndivyo alivyofanyiwa Serena Williams. Alijifungua Septemba 2017, akapatwa na matatizo ya kuganda kwa damu yaliyokaribia kumwua, na miezi kumi baadaye alikuwa kwenye fainali ya Wimbledon. Ungetegemea watu wasimame wapige makofi mpaka viganja viwake. Badala yake, kwa miaka minne watangazaji walimkumbusha kila alipokanyaga uwanjani kwamba ana 23 na Margaret Court ana 24. Alipoteza fainali nne, kwa Angelique Kerber, Naomi Osaka, Simona Halep na Bianca Andreescu, na kila moja ikaandikwa kama deni ambalo halijalipwa. Kumi na moja kati ya yale 24 ya Court yalipatikana kwao Australia, mengi wakati ambapo wachezaji wengi wa Ulaya na Marekani hawakusafiri kwenda huko. Hilo lilitajwa kwa sauti ndogo, kama lilitajwa.

Lendl alirudi uwanjani mwaka 2012 akiwa kocha wa Andy Murray. Murray naye alikuwa amepoteza fainali tatu za Grand Slam, na ya nne aliipoteza mbele ya Lendl, Wimbledon mwaka uleule, kwa Federer. Murray akapewa kipaza sauti, akajaribu kuongea, sauti ikakatika. Waingereza waliomwona kwa miaka mingi kuwa kijana mwenye kinyongo wakalia naye. Wiki nne baadaye, kwenye nyasi zilezile, alimfunga Federer na kupata dhahabu ya Olimpiki. Septemba akatwaa taji la Marekani. Na Julai 2013 akaimaliza kiu ya Uingereza ya miaka 77 tangu Fred Perry. Murray alimaliza safari na mataji matatu. Anapendwa kwao kuliko wengi wenye mara mbili yake. Na aliyemsaidia kuyapata yote matatu ni mtu aliyepoteza fainali nne za kwanza kama yeye, ila enzi zake hakumwonyesha mtu yeyote kwamba zilimuuma.

Djokovic ndiye ninayemfikiria zaidi kila kisa hiki kinaponijia, kwa sababu anazo namba zote. Julai 2019 alimfunga Federer katika fainali ya Wimbledon iliyokaribia saa tano, ingawa Federer alishinda pointi nyingi zaidi, 218 kwa 204, na alikuwa na nafasi mbili za kumaliza mechi. Jukwaa liliimba jina la Federer mwanzo hadi mwisho. Djokovic alieleza baadaye kwamba alijilazimisha kulisikia kama jina lake mwenyewe. Hebu fikiria upweke wa mshindi huyo. Septemba 2021 huko New York alikuwa mechi moja tu kutoka kutwaa mataji yote manne ndani ya mwaka mmoja, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyelifanya tangu Laver mwaka 1969. Daniil Medvedev alimfunga 6-4, 6-4, 6-4. Kabla mechi haijaisha, wakati wa kubadilishana upande, jukwaa lilianza kumshangilia kwa nguvu ambayo hakuwahi kuipata hapo. Akajifunika taulo usoni, akalia, kifua kikimtetemeka. Alisema baada ya mechi kwamba alichopewa na watu usiku ule kilikuwa na nguvu sawa na taji la 21.

Tarehe 4 Agosti 2024, akiwa na miaka 37 na goti lililofanyiwa upasuaji miezi miwili nyuma, alicheza fainali ya Olimpiki mjini Paris dhidi ya Carlos Alcaraz. Seti zote mbili zilikwenda mpaka gemu ya kuvunja sare, akashinda 7-6, 7-6. Pointi ya mwisho ilipoingia alipiga magoti kwenye udongo, mikono ikitetemeka isishikike, akalia kuliko alivyolia kwa taji lolote kati ya yale 24. Mashindano hayo hayampi mshindi hata pointi moja ya orodha ya ubora duniani.